Mwongozo kamili: Kufuga chaza wa matumbawe kwenye akwariamu ndogo asikufie mwezi wa tatu

Meseji mnazonitumia kuhusu chaza zinafanana mno. Wiki ya kwanza alikuwa mzuri, rangi inang'aa, mgeni akija lazima aoneshwe. Wiki ya nne joho limeanza kusinyaa, mwezi wa pili anafungua nusu nusu, mwezi wa tatu magamba yako wazi kabisa na ndani hakuna kitu, tangi linanuka. Halafu swali ni lile lile, "nilikosea wapi wakati maji yalikuwa masafi?" Nimeamua niandike yote sehemu moja, hatua kwa hatua, na kila hatua nieleze sababu yake, maana naona wengi mnafuata maelekezo bila kujua yanalinda nini, kwa hiyo mkibanwa na pesa au muda mnaruka hatua ambayo ndo ilikuwa ya muhimu.

Chaza ninaemzungumzia ni yule wa jamii ya Tridacna, mwenye magamba mawili mazito yenye mawimbi, na joho, yaani ile nyama ya rangi ya bluu, kijani au kahawia anayoitandaza nje mchana. Sio chaza wa lulu, na sio hawa kombe wa kula. Ukipiga mbizi Chumbe au Mafia unamuona kajibana katikati ya matumbawe, ukimpitishia kivuli anafunga.

Kitu kimoja ukikielewa utaelewa mwongozo wote. Ndani ya lile joho unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, huo mwani unatumia mwanga kutengeneza sukari na chaza anaishi kwa sukari hiyo. Kwa hiyo we unafuga mnyama na mmea kwenye mwili mmoja. Mmea unataka mwanga na chakula kidogo ndani ya maji, mnyama anajenga gamba la chokaa kila siku na anataka maji yasiyobadilika badilika. Tangi dogo linabadilika haraka kuliko kubwa, na hapo ndo chaza wenu wanapofia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujamnunua

Sio baada. Kabla.

- Tangi la lita 100 au zaidi, chini ya lita 80 sikushauri. Kina kisizidi sentimita 45 ili mwanga ufike chini bila shida.
- Taa ya LED ya matumbawe. Taa ya samaki wa kawaida haifai hata ikionekana kali machoni.
- Pampu mbili ndogo za mkondo, zinazopiga pande tofauti.
- Mashine ya maji ya RO, yaani inayochuja mpaka vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ya bomba, yenye hatua ya mwisho ya resini, na kipimo cha TDS (kinachosoma vitu vilivyoyeyuka) kisome 0.
- Chumvi ya akwariamu ya baharini. Chumvi ya jikoni au ya mawe haina kalsiamu, magnesiamu wala alkaliniti (akiba ya kaboneti kwenye maji, ambayo chaza anajengea gamba) ya kutosha.
- Refraktomita, yaani kipimo cha chumvi, pamoja na kichupa cha maji ya kuisawazishia yenye chumvi ya 35.
- Vipimio vya alkaliniti, kalsiamu, magnesiamu, naitreti, fosfeti na amonia.
- Kijazio cha maji kinachojiendesha chenyewe na dumu lake.
- Feni ya juu ya tangi au chila (mashine ya kupooza maji) kama unakaa kwenye joto, hita kama uko Ulaya au Minnesota huko.
- Pampu ya hewa ya betri.
- Mswaki mpya laini, wembe mpya, na kigae au jiwe bapa la ukubwa wa kiganja.

Kama pesa haitoshi kwa vyote, subiri. Najua inauma. Ila usinunue chaza kwanza ukasema kijazio cha maji utanunua mwisho wa mwezi, hesabu yake utaiona hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Likomaze tangi, miezi sita

Tangi jipya linapita kipindi cha amonia kupanda, halafu naitraiti, halafu naitreti, na hicho kipindi huwa kinaisha ndani ya wiki nne hadi sita. Wengi mnaishia hapo mnasema tangi liko tayari. Kwa samaki wawili ndio, liko tayari. Kwa chaza bado.

Sababu ni kwamba baada ya hapo linakuja wimbi la mwani, kwanza wa kahawia, halafu wa kijani, mawe yanaendelea kunyonya na kutoa fosfeti, alkaliniti inacheza. Chaza hapendi mambo hayo. Mpe tangi miezi sita, na katika miezi miwili ya mwisho uwe na matumbawe mawili matatu ya kawaida humo ndani yanaishi na kukua. Yakikua hayo, una ushahidi. Yakisinyaa, bora umejulia kwao.

Umefanikiwa kama: amonia 0, naitraiti 0, na vioo unavisafisha mara moja kwa wiki badala ya kila siku.

## Hatua ya 2: Maji na chumvi

Chumvi iwe 35 kwa kipimo cha sehemu kwa elfu, ambayo kwenye refraktomita ni kama 1.026. Kwa mifuko mingi ni gramu 35 hadi 39 kwa lita moja, inategemea chumvi yenyewe, kwa hiyo usiamini kijiko, pima mwisho. Changanya kwenye ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni, weka pampu ndani izungushe mpaka siku ya pili, ndo utumie.

Refraktomita isawazishe kwa kile kichupa cha 35. Ukiisawazisha kwa maji ya RO utaiweka sawa kwenye sifuri wakati we unapimia huku juu kwenye 35, na hapo katikati kosa linaweza kuwa kubwa. Nimeona mtu akifuga kwenye 39 kwa miezi akiamini yuko 35.

Walioko pwani mnaniuliza maji ya bahari yenyewe je. Yanafaa, chaza kazaliwa humo. Masharti ni kwamba yachotwe mbali na mto na mifereji ya mji, wakati maji yanajaa, vizuri zaidi siku za bamvua, na isiwe baada ya mvua maana chumvi inashuka na uchafu wa nchi kavu unaingia. Yachuje, yapime, ukikuta chini ya 34 acha. Ukikaa mjini kabisa, mi ningechanganya tu ya RO, maana maji ya ufukwe wa mjini huwezi kujua leo yamebeba nini.

Joto liwe 25 hadi 27. Kuanzia Desemba mpaka Machi kwa sisi wa Dar na Mombasa chumba kikifungwa mchana tangi linavuka 30 bila shida. Feni inayopuliza juu ya maji inashusha digrii mbili tatu, ila inafanya hivyo kwa kukausha maji, na hiyo inatuleta kwenye hatua inayoua chaza wengi kuliko zote.

## Hatua ya 3: Maji yanayokauka

Hapa naomba usome polepole.

Maji yakipaa chumvi haipai. Inabaki. Tangi lenye lita 100 za maji halisi na feni juu linaweza kupoteza lita mbili kwa siku. Siku ya kwanza chumvi inatoka 35 inaenda 35.7. Usipojaza siku tatu, lita sita zimeondoka, chumvi iko 37.2. Siku ya nne unakumbuka, unamwaga lita sita kwa mkupuo, inarudi 35 ndani ya dakika mbili. Samaki atavumilia. Chaza mwili wake wote uko wazi kwa maji na hana namna ya kuizuia chumvi isiingie wala isitoke, kila ukicheza hivyo anafunga, akifunga hapati mwanga, asipopata mwanga hali. Fanya hivyo kila wiki halafu uje useme maji yalikuwa masafi. Masafi ndio, ila hayatulii.

Chaza wangu wa kwanza alikufa hivi hivi. Nilisafiri siku tano kwenda Tanga msibani, nikamwambia kijana wa nyumbani ajaze tangi likipungua, na akajaza kwa upendo kabisa, kwa maji ya chumvi yaliyokuwa kwenye ndoo pembeni. Kosa lilikuwa langu, sikumueleza. Narudi, refraktomita inasoma 40.

Kwa hiyo:

Jaza maji yaliyokauka kwa maji ya RO yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni ya kubadilishia tu, yaani ukitoa lita kumi za tangi unarudisha lita kumi za chumvi. Dumu lako liandike kwa maka peni herufi kubwa, LA KUJAZIA, na ndoo ya chumvi nayo iandike, ili hata mgeni asikosee.

Funga kijazio kinachojiendesha. Kina jicho linaloona maji yameshuka milimita chache, kinapampu kidogo, kinazima. Jicho lifute kila wiki maana konokono akikaa juu yake kinaendelea kupampu mpaka dumu liishe. Kwa sababu hiyo dumu lisiwe kubwa kuliko lita 10 kwa tangi la 100, ili hata kikiharibika chumvi isishuke sana.

Umefanikiwa kama: umepima asubuhi na jioni kwa wiki nzima na namba haijatoka kati ya 34.5 na 35.5. Wiki nzima, sio siku mbili.

## Hatua ya 4: Taa

Mwanga tunaoujali unapimwa kwa PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mmea unaweza kuutumia. Kipimo chake ni ghali, tafuta wa kukuazima au duka la kukukodishia siku moja, utapima mara moja na kuandika namba za kila kona ya tangi.

Kila aina ya Tridacna ina mwanga wake, aina zenyewe nazieleza hatua ya tano. Squamosa na derasa wanaishi vizuri kwenye PAR 150 hadi 250. Maxima na crocea wanataka 300 kwenda juu. Tangi letu ni fupi, kwa hiyo taa nzuri moja inaweza kufika.

Iwake kwa muda wa masaa 8 mpaka 10 kwa siku, kwa taima, sio kwa mkono. Na usimtoe chaza kwenye mwanga hafifu wa dukani ukamweka moja kwa moja chini ya taa yako kali, ule mwani ndani yake utazidiwa na ataanza kupauka. Ukimleta shusha taa mpaka nusu, halafu panda kidogo kidogo kwa wiki tatu hadi nne.

Mwanga ukiwa mdogo anajitandaza kupita kiasi kama anayeutafuta, rangi inageuka kahawia, ukingo wa gamba haukui. Wengi mnaliona joho limetanuka sana mnafurahi. Angalieni na ukingo wa gamba.

## Hatua ya 5: Chagua aina, na ujue anatoka wapi

Crocea ndo mdogo kuliko wote, anaishia kama sentimita 15, na baharini anatoboa mwamba na kuishi ndani yake. Kwa ukubwa ndo anafaa tangi dogo ila taa yako iwe kali kweli. Maxima anafika kama 30, naye anataka mwanga mkali. Squamosa, yule mwenye vigamba vidogo vinavyojitokeza kama vigae vya paa, anafika 40. Derasa anafika 60, mvumilivu kuliko wote, ila anakua haraka na ndani ya miaka michache atalijaza tangi. Gigas usimguse, anavuka mita moja, huyo ni wa bahari.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua squamosa au derasa wa sentimita 8 hadi 10, ukijua kabisa kwamba siku moja utamhamishia kwa mtu mwenye tangi kubwa, na huyo mtu mtafute mapema. Kama taa yako imepima 300 na kuendelea pale utakapomweka, crocea ndo wa kukaa nae mpaka mwisho. Walio chini ya sentimita 5 waacheni, bei inavutia lakini hawana akiba mwilini, wiki moja mbaya inatosha kuwamaliza.

Kuhusu kumtoa baharini mwenyewe, sitaki kuficha ninavyoona. Usimtoe. Anakua polepole, huyo wa sentimita 20 unayemwona ni wa miaka, na amejishika kwenye mwamba, ukimng'oa unachana mguu wake na mara nyingi anakufa kabla hujafika nyumbani. Kwenye hifadhi za bahari, Mafia, Chumbe, Kisite, ni marufuku hata kujaribu. Na jamii yote ya Tridacna iko kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake hawezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Wapo wanaozalishwa kwenye mashamba, Palau wamekuwa wakiwazalisha tangu miaka ya 1970 na visiwa vingine vya Pasifiki vikafuata. Muulize muuzaji karatasi. Wa shambani pia ni mvumilivu zaidi kwenye tangi, ameshazoea taabu za kubebwa.

Walioko Muscat, Dubai, Uingereza, Marekani nyie kumpata ni rahisi. Sisi huku ni kuagiza na kusubiri, hamna namna.

### Dukani angalia haya

1. Pitisha mkono kati ya taa na chaza, kivuli kimwangukie. Afunge haraka. Akichelewa au asijali, mwache.
2. Joho livuke ukingo wa magamba pande zote.
3. Ana matundu mawili. Moja limeinuka kama kibomba, hilo la kutolea maji. Lingine ni mpasuko mrefu, la kuvutia. Huo mpasuko ukiwa umeachama wazi kabisa muda wote, anaumwa.
4. Asiwe na weupe unaoanzia katikati ya joho.
5. Mwambie muuzaji amgeuze uone chini. Kuna tundu la mguu karibu na bawaba. Nyama isining'inie wala isiwe imechanika.
6. Awe amekaa dukani wiki mbili angalau. Lipia kiasi umwekeshe, ukirudi akiwa mzima mchukue.

## Hatua ya 6: Siku ya kumleta

Zima taa. Uache mfuko uelee kwenye tangi dakika 15 joto lilingane. Mhamishie kwenye bakuli na maji yake, halafu dondoshea maji ya tangi kwa mpira mwembamba, matone mawili matatu kwa sekunde, kwa dakika 45 mpaka saa moja. Usizidishe hapo, ule mfuko una amonia ya safari nzima.

Kabla hajaingia, chukua mswaki na maji ya tangi umsugue magamba nje, taratibu, kila mkunjo, hasa karibu na bawaba na tundu la mguu. Unatafuta konokono weupe wadogo kama punje ya mchele. Hao wanatoka usiku wanamfyonza chaza pembezoni mwa joho, na wanazaana vibaya, mayai yao yanakuwa kama ute ute ulioganda kwenye gamba. Ukiona hata mmoja, sugua yote, na rudia kumkagua usiku kwa tochi kila siku chache kwa mwezi mzima.

Maji ya mfuko yasiingie kwenye tangi.

## Hatua ya 7: Pa kumkalisha

Derasa na squamosa ni wa mchangani. Crocea na maxima ni wa juu ya jiwe. Kwa wa mchangani, chimba kidogo, laza kile kigae, funika kwa mchanga mwembamba, mkalishe juu yake. Atatoa nyuzi zake atashika kigae, na siku ukitaka kumhamisha unainua kigae na yeye juu yake, hugusi mguu.

Hizo nyuzi ndo uhai wake. Zinatoka kwenye tezi ndani ya mguu, ukimvuta tezi inachomoka na kidonda hicho hakiponi mara nyingi. Usimvute. Hata kidogo. Hata kama kakaa pabaya. Kama lazima ahame na kashika jiwe, muinue kidogo tu mpaka uone nyuzi, pitisha wembe sambamba na jiwe, kata nyuzi mbali na nyama. Atatengeneza nyingine.

Wa jiweni mtafutie kishimo kinacholingana, tundu la mguu likae chini, mdomo wa magamba uangalie taa. Akidondoka usiku mrudishe, akidondoka mara ya tatu mjue hajapapenda, mpe sehemu nyingine.

Mkondo wa maji uwe wa kubembeleza. Joho linatakiwa licheze kidogo, lisikunjwe na kugeuzwa na pampu.

Majirani: klaunifishi wawili, gobi, sawa. Vipepeo, enjelofishi, vikande na bunju wanadonoa joho, usiwaweke kabisa. Klaunifishi mwenyewe akikosa anemoni anaweza kumfanya chaza ndo nyumba, anamsugua mchana kutwa mpaka hafunguki, ukiona hivyo watenganishe. Na dawa yoyote ya samaki yenye shaba isiguse hili tangi, inaua chaza hata kwa kiasi kidogo.

Umefanikiwa kama: siku ya pili hadi ya nne joho limetoka lote, na ndani ya wiki mbili ukimsukuma kwa kidole kwa upole hasogei.

## Hatua ya 8: Mlishe gamba

Sasa ameanza kujenga gamba na kila siku anachukua kalsiamu na alkaliniti kwenye maji. Namba ninazozishika mimi: alkaliniti dKH (ndo kizio chake) 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu miligramu 1250 hadi 1350 kwa lita. Muhimu kuliko namba yenyewe ni isiruke. Bora 7.8 kila siku kuliko 9 leo na 7.2 Jumamosi.

Jua tangi lako linakula kiasi gani. Pima alkaliniti siku nne mfululizo saa ile ile, bila kuongeza kitu wala kubadilisha maji. Mfano, siku ya kwanza 8.9, ya pili 8.6, ya tatu 8.3, ya nne 8.0. Linakula 0.3 kwa siku.

Gramu 3 za baking soda zinapandisha lita 100 za maji kwa dKH 1. Kwa hiyo 0.3 ni gramu 0.9 kila siku. Lita hizo ni za maji halisi, sio zilizoandikwa kwenye boksi la tangi, maana mawe na mchanga vimekula nafasi, la 100 mara nyingi lina kama 80. Yeyusha kwenye glasi ya maji ya RO, mimina polepole kwenye mkondo. Iwe baking soda tupu, sio baking powder, na sio magadi ya sokoni tunayowekea maharage, yale yana mengi humo ndani.

Kila dKH 1 inayoliwa, kalsiamu nayo inashuka kama miligramu 7 kwa lita. Inakwenda taratibu, kwa hiyo kalsiamu ipime kwa wiki na uiongeze kwa kloridi ya kalsiamu ya akwariamu, muda tofauti na soda. Ukivimimina pamoja maji yanageuka meupe kama tui, vimeshikana vyenyewe na chaza hapati kitu.

Umekuta alkaliniti imeshuka mpaka 6? Usiirudishe kwa siku moja. Nusu dKH kwa siku.

Halafu chakula. Chaza anafyonza amonia na naitreti moja kwa moja kwenye maji, ndo mbolea ya ule mwani wake. Nyie mnaopigania naitreti iwe 0 mnamshindisha njaa. Iache miligramu 2 hadi 10 kwa lita, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Samaki wawili wanaokula vizuri wanatosha kumlisha, hizo chupa za planktoni sio lazima kwa wa sentimita 8 na zaidi, ukizidisha unachafua maji tu. Badilisha maji asilimia 10 kila wiki, chumvi na joto vikiwa vimelingana.

Umefanikiwa kama: baada ya mwezi mmoja hadi miwili unaona mstari mweupe mpya kwenye ukingo wa juu wa gamba. Huo mstari ndo cheti chako. Rangi nzuri inaweza kukudanganya, mstari haudanganyi. Na alkaliniti itaanza kuliwa haraka zaidi kadri anavyokua, kwa hiyo rudia lile zoezi la siku nne kila mwezi.

## Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Taa sio tatizo, siku mbili bila mwanga atavumilia. Tatizo ni oksijeni. Maji yakisimama, kwa joto letu, masaa machache yanatosha kuwabana wote. Pampu ya hewa ya betri iwe imeshachajiwa na kijiwe chake kiko tayari ndani ya tangi, zipo zinazojiwasha umeme ukikata. Kama una invata, pampu ya mkondo iunge kwanza kabla ya tivii.

## Akianza kuharibika

Joho limesinyaa siku moja, pima chumvi kwanza, halafu alkaliniti, halafu joto. Nakwambia ukweli, mara nyingi jibu liko kwenye hizo tatu. Usimhamishe hamishe, kila ukimgusa unamrudisha nyuma.

Anapauka kuanzia katikati: mwanga umepanda ghafla au joto limezidi. Punguza taa mpaka nusu, anza upya kupanda.

Ukingo wa joho umejikunja na kubanwa sehemu moja kama nguo iliyopigwa pasi vibaya, na vipimo vyote viko sawa, huo ni ugonjwa wa kubanwa joho na unaambukiza chaza wengine. Wafugaji wengi wanautibu kwa kumlaza kwenye maji ya RO yasiyo na chumvi, yaliyolinganishwa joto na pH (kipimo cha uasidi) na ya tangi kwa baking soda kidogo, dakika 20 hadi 30, halafu anarudi. Ni dawa kali, ifanye ukiwa na uhakika na ukae hapo hapo na saa mkononi. Chaza mwenye kidonda mguuni usimfanyie.

Ameachama, ukimgusa hafungi, na unasikia harufu: mtoe saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Nyama yake ikianza kuoza kwenye lita 100 amonia itapanda na kuua kila kitu usiku mmoja. Badilisha maji theluthi moja, weka kaboni kwenye filta, pima amonia usiku huo na kesho yake asubuhi, na kama bado inaonekana badilisha theluthi nyingine.